Ukuta Wenye Tumbo

Jumatatu, 4 Machi

Leo Shangazi amekwama nyuma ya ngazi. Baba alimshika mkono wa kulia, mimi nikamshika wa kushoto, tukamvuta kama gunia mpaka akatoka na chokaa kuanzia begani hadi nyongani. Mama Pacha alikuwa mlangoni pake na wanawe wawili. Walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa. Shangazi alijikung'uta taratibu, akasema, "Chekeni tu. Siku ukuta huu nao utakapocheka, mtaniita."

Nieleze mahali penyewe, maana mwalimu wetu wa lugha husema msomaji asiyejua mlango uko wapi hawezi kuingia ndani. Nyumba tunayoishi ni kongwe, ya ghorofa moja. Nyuma ya ngazi kuna kichochoro kinachokwenda hadi kwa Mama Pacha. Hakina dirisha, na balbu yake iliungua zamani ikasahauliwa. Ukuta wa kushoto wa kichochoro ndio huohuo ukuta wa chumba cha Mama Pacha, na kitanda cha pacha kimeegemea upande wake wa ndani. Juu ya ukuta huo ndiko tunakolala sisi: Baba, Shangazi na mimi.

Shangazi ameona ufa katika ukuta huo. Unaanzia sakafuni, unapanda kama mzizi uliopotea njia, unaingia darini. Yeye ni mpiga picha, ana studio yake mtaa wa pili, na anataka kuupiga picha aupeleke ofisi ya majengo. Sasa imeonekana kwamba haenei. Kwa hiyo kazi imeniangukia mimi, ambaye kwa maneno yake ni mwembamba kama utambi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Jaribio la hesabu lilikuwa gumu.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi alikwisha kwenda ofisi ya majengo mara moja, akiwa na picha aliyoipiga kwa kunyoosha mkono kutoka mlangoni. Karani aliitazama akamwambia, "Mama, nyufa ziko kila nyumba. Huu ni wa nyumba gani?" Wanataka picha moja inayoonyesha ufa wote, toka chini hadi juu, pamoja na namba ya nyumba. Namba yenyewe imepakwa rangi juu ya mlango wa Mama Pacha, kule mwisho wa kichochoro. Bila hiyo, picha hairuhusiwi kuingia kwenye faili.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Ili vyote viwili vienee katika picha moja, lazima nitumie lenzi pana. Kamera ya Shangazi ni ya zamani, ya filamu, na kidirisha chake cha kutazamia hakioni upana wa lenzi hiyo. Unakitumia kupimia umbali tu: unaona mlango mara mbili, unazungusha lenzi mpaka milango miwili iwe mmoja. Kisha unahamisha jicho kwenye kidirisha kingine cha nje, kidogo kama kizibo cha chupa, kinachochomekwa juu ya kamera, na hicho ndicho kinachokuonyesha picha itakayotoka. Mahali pa kukichomeka Shangazi anapaita kiatu. Ila kichochoro ni giza, kwa hiyo nahitaji na flashi, na flashi nayo huvaa kiatu hichohicho.

"Kiatu kimoja, miguu miwili," alisema Shangazi. "Ndiyo ndoa yangu na kazi hii."

Nilipiga mara moja nikiwa na kidirisha bila flashi, na mara moja nikiwa na flashi bila kidirisha. Nikiwa nimechuchumaa chini ya ngazi nilimsikia Usijali akimwambia Baba, "Binti yako ana bidii. Ila ule ni ufa wa rangi tu, wala usijali."

Usijali ndiye msimamizi wa nyumba. Jina lake halisi silijui. Anakaa chumba cha mbele, hukusanya kodi, huziba mabomba, na jioni hucheza drafti na Baba. Mimi humwita baba mdogo. Nilipofaulu kuingia sekondari ndiye aliyenipa kamusi. Simwelewi Shangazi anapomnunia.

Jumanne, 12 Machi

Picha ya kwanza ni nyeusi tii. Ya pili ina mwanga mzuri, lakini nililenga kwa kubahatisha, imejaa sakafu na ndoo ya Mama Pacha. Namba haimo. Shangazi amesema hajawahi kuona ndoo iliyopigwa picha kwa heshima namna ile.

Jumamosi, 16 Machi

Leo amenipa kipande cha chuma kilicholala kama mizani juu ya kamera. Kinavaa kile kiatu kimoja, na chenyewe kina viatu viwili: cha kushoto kwa kidirisha, cha kulia kwa flashi. Kwa kuwa flashi sasa haigusi kamera, inaunganishwa kwa waya kwenye tundu dogo la mbele, ili iwake pale tu kamera inapofumbua.

Pia tumegundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kimeushika pande zote mbili kama plasta ya kidonda. Mafundi ujenzi aliokuwa akiwapigia picha zamani ndio waliomfundisha. Ukuta ukisogea, kioo hakina subira, kinavunjika.

Nilipiga picha nne. Nilisoma mahali kwamba mwendo wa kasi wa kamera huzuia picha kutikisika, na mikono yangu hutetemeka ninapochuchumaa. Kwa hiyo niliweka kasi kubwa. Naona safari hii nimefanya vizuri.

Jumapili, 17 Machi

Sikufanya vizuri. Picha zote nne zina mlango na namba upande wa kulia, na upande wa kushoto, pale pa ufa, ni nyeusi kana kwamba mtu amefunika kwa ubao.

Shangazi hakunigombeza. Alifungua mgongo wa kamera akanionyesha mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza hufungua, la pili hufuata kufunga. Kwa mwendo wa kasi, la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na flashi huwaka mara moja tu, ikakuta nusu ya njia imefungwa. Ndiyo maana kwenye gurudumu la kasi namba moja ina alama ya radi. Hiyo ndiyo ya flashi, na zaidi ya hapo usiende.

"Ulitaka kuwa mwangalifu," alisema. "Uangalifu usiojua kitu nao ni uzembe, ila umevaa sare."

Nimeandika maneno hayo hapa, ingawa yaliniuma.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Usijali alinikuta kituoni nimelowa akanipa mwavuli wake, yeye akaenda na gazeti kichwani.

Jumamosi, 23 Machi

Alama ya radi. Chuma. Waya. Nilipima umbali, nikahamisha jicho, ufa wote nikauona ndani ya kidirisha cha nje, umesimama vizuri pembeni kushoto. Nikapiga.

Jioni tuliposafisha filamu, namba ipo, mlango upo, mwanga upo, ufa umekatwa. Nusu yake imebaki nje ya picha.

Nililia kidogo. Shangazi aliniambia ninyooshe kidole mbele ya pua, nifumbe jicho moja, kisha jingine. Kidole kikaruka. "Chuma kimesogeza kidirisha chako vidole vinne kushoto," alisema. "Kwa kitu cha mbali si neno. Kwa kitu kilicho karibu na uso wako, unachokiona wewe sicho inachokiona kamera. Ukisharidhika na unachokiona, sogea wewe mwenyewe vidole vinne kushoto, ndipo upige."

Nilimuuliza kwa nini hatuachi tu. Baba anasema nyumba hii imesimama tangu kabla yeye hajazaliwa, na Usijali anasema ni rangi. Shangazi alikuwa akining'iniza filamu ikauke. Akasema, "Vile vitoto viwili hulala miguu imegusa ule ukuta. Nimeviona."

Jumanne, 26 Machi

Kioo kimevunjika katikati.

Nilimwita Baba. Alikitazama kwa tochi ya simu. "Watoto wamekipiga mpira," alisema. Mama Pacha, ambaye alikuwa akifua pale karibu, akasema wanawe hawana mpira. Baba akasema basi ni panya.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeipata. Ufa wote, kioo kilichovunjika, mlango na namba, vyote katika picha moja. Shangazi aliitoa kwenye maji kwa koleo, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa naweza kustaafu." Kwa mara ya kwanza alinipikia chai yeye.

Jumanne, 2 Aprili

Karani ameipokea. Ameigonga muhuri kwa nyuma. Mkaguzi atakuja Ijumaa. Shangazi alitembea kutoka ofisini mpaka nyumbani bila mwavuli, na alipofika alikuwa anaimba.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimerudi kutoka shuleni nikakuta kichochoro kinanuka chokaa mbichi. Kuna balbu mpya, inawaka. Ukuta ni mweupe kama karatasi. Usijali alikuwa akiosha mwiko ndani ya ile ndoo ya Mama Pacha, suruali imemjaa madoa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanafunzi. Umeonaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shuleni hawakuwafundisha?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. "Methali haikusema uzibe kwa lipu," alimwambia.

"Dada, mvua inanyesha, nimetengeneza, bado nina kosa?"

"Ungetengeneza mwezi uliopita ningekushukuru. Umetengeneza leo kwa sababu kesho anakuja mtu."

Usijali alikung'uta mwiko. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mwenye nyumba amenipigia. Nyumba ikifungwa, mimi ndio wa kwanza kutoka. Wewe una studio. Mimi nina nini?"

Mimi niliuona ukuta umependeza. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Niliona afadhali yamekwisha.

Ijumaa, 5 Aprili

Mkaguzi amekuja na viatu safi. Alisimama chini ya balbu mpya, akaumulika ukuta kwa tochi yake, akaugonga mara mbili kama anayebisha hodi. Akaitazama picha, akautazama ukuta.

"Ufa huu umeshashughulikiwa," alisema.

"Umepakwa," alisema Shangazi.

"Mama, mimi nakagua ninachokiona."

Usijali alimsindikiza hadi barabarani. Baba alimwambia Shangazi kwamba amemwaibisha mbele ya watu, kwamba mtu aliyekaribishwa kwa hisani hapigi picha kuta za mwenyeji wake. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, nilikubeba mgongoni ulipokuwa huwezi kutembea. Ukuta ukishuka sitaweza tena." Hawajazungumza tangu saa hiyo. Chakula kimelala mezani.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua kutwa. Shule ilifungwa mapema, maji yaliingia darasani.

Jumatano, 10 Aprili

Mlango wa Mama Pacha umekataa kufunga. Usijali alikuja na randa, akaupunguza chini. "Mbao hunywa maji msimu huu," alisema. "Wala usijali."

Nilimshikia mlango akiranda. Nilikuwa karibu naye sana, nikaona kwamba hakuutazama ukuta hata mara moja. Mtu akikwepa kukitazama kitu kilicho mbele ya pua yake, basi anakijua. Wazo hilo limenijia nikiwa nimeshika mlango, na tangu hapo kamusi yake iliyo mezani kwangu nimeigeuza kifudifudi. Najua si haki. Kamusi haijafanya kitu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mlango umekataa tena.

Jumamosi, 13 Aprili

Shangazi alinikuta nikisoma akaketi kitandani, kitanda kikalia.

"Mkaguzi alisimama wapi?" aliniuliza.

"Mbele ya ukuta."

"Na tochi aliishika wapi?"

"Mbele ya uso wake."

"Basi. Mwanga wa mbele hufuta kila kitu. Mimi wateja wenye makunyanzi nawamulika usoni wanalipa kwa furaha. Nikitaka kumkomoa mtu namulika kwa ubavuni." Alitoa mkobani waya mrefu, mrefu kunipita mimi. "Leo chuma kiache. Kidirisha kirudi kwenye kiatu chake, pale juu ya lenzi, kisikudanganye kwa vidole vinne. Flashi utaishika mkononi. Mkono wa kushoto, uuegemeze ukutani kabisa, mwanga utambae juu ya ukuta kama mchwa."

Tulisubiri Usijali atoke kwenda kukusanya kodi upande wa pili wa barabara, tukaizima balbu yake. Niliingia chini ya ngazi. Nilipima umbali kwanza kwa mikono miwili. Kisha kamera mkono wa kulia, jicho kwenye kidirisha cha nje, flashi mkono wa kushoto, kiwiko kimegusa chokaa. Flashi ilipiga mluzi wake mwembamba mpaka taa yake nyekundu ikawaka. Ukuta ulikuwa baridi na umelowa.

Nilipobonyeza, kwa kufumba na kufumbua niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika mwezi mzima wa kuchuchumaa pale. Halafu giza likarudi, na sikuweza kusema nimeona nini.

"Vipi?" aliita Shangazi.

"Sijui," nilimjibu. "Naomba nitoke."

Jumapili, 14 Aprili

Ufa hauonekani, lipu imeufunika vizuri. Lakini ukuta wenyewe una tumbo. Kuanzia usawa wa goti unavimba kuja kichochoroni, mpaka usawa wa kifua, kisha unarudi ndani. Upande ulio karibu na flashi unang'aa, na nyuma ya uvimbe kuna kivuli kirefu cheusi kinachofika mlangoni, chini kidogo ya namba. Ni kama mtu mjamzito amelala ubavu nyuma ya shuka jeupe.

Shangazi alitengeneza nakala tatu. Ya kwanza tulimpelekea Mama Pacha.

Mama Pacha ni mwanamke wa maneno mengi. Mwezi mzima amemwita Shangazi Bi Kamera na kumuuliza kama ufa umeshapata mchumba. Leo aliishika picha kwa ncha za vidole kwa sababu mikono yake ilikuwa na sabuni. Aliitazama, akautazama ukuta, akaitazama tena. Alifuta mikono. Aliingia ndani, akawaamsha wanawe usingizini mchana ule, akaanza kukunja godoro. Hakusema hata neno moja, na hilo lilinitisha kuliko picha.

Ya pili Shangazi aliiweka mbele ya Baba. Baba alikaa nayo kwenye ngazi. Baadaye nilisikia kitu kizito kikiburutwa juu, nikapanda, nikamkuta anashusha godoro langu.

"Umesimama tu?" alisema. "Shika huko."

Tumehamia studio. Tunalala katikati ya mapazia ya kupigia picha. Mama Pacha na watoto wako kwa dada yake.

Ya tatu nilimpelekea Usijali mimi mwenyewe. Sikutumwa. Nilitaka kumwona usoni akiiona. Nilimkuta chumbani kwake anashona kifungo cha shati. Hana kiti cha pili, akanipa chake, yeye akakaa kitandani.

"Hiki ni kivuli," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo. Kivuli cha ukuta."

"Flashi hucheza. Shangazi yako anajua kuchezesha mwanga, ndiyo kazi yake."

"Flashi niliishika mimi."

Aliuweka mkono wake juu ya picha, kiganja wazi, pale kwenye uvimbe, kama anayepima homa ya mtoto.

"Nani mwingine ameiona?"

Nilimwambia. Akatikisa kichwa. "Sawa. Niachie hii, nitampelekea mwenye nyumba."

Nilimwachia. Niliondoka nimekasirika, kwa sababu nilidhani ataichana.

Jumatatu, 15 Aprili

Shangazi amerudi ofisini na nakala aliyompa Baba. Karani anasema mkaguzi yuko kazini nje, atakuja Alhamisi. Shangazi alimuuliza kama ukuta nao umepewa taarifa ya Alhamisi.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua haikukata hata kidogo. Wapangaji wa vyumba vya mbele bado wamo. Baba alikwenda kuwashawishi. Wawili wameondoka, wengine wamesema Usijali mwenyewe bado anakaa pale, na angekuwa na hofu angekuwa wa kwanza kukimbia.

Baba alimkuta Usijali uani, akamwambia aje alale studio, nafasi ipo. Akajibu kwamba hawezi kuiacha nyumba ya watu peke yake. Walicheza drafti mara moja chini ya bati. Baba anasema Usijali alishinda, na si kawaida yake.

Jumatano, 17 Aprili

Ukuta umeanguka leo mchana.

Nilikuwa darasani. Mwalimu wa zamu aliniita jina, akaniambia nichukue mkoba niende nyumbani, na hakunitazama. Nilikimbia. Barabara ilikuwa imejaa watu na kwa mbali nyumba ilionekana nzima, mpaka nilipopita upande wa nyuma. Chumba chetu kilikuwa wazi kama kabati lililosahauliwa kufungwa. Niliona msumari ninapotundika sare yangu. Sakafu ilikuwa imekunjika kuelekea chini.

Shangazi alikuwa amesimama na wapangaji wa mbele. Nilianza kuwahesabu. Akanishika mkono akasema, "Wote wapo. Ila msimamizi."

Baba alikuwa juu ya kifusi pamoja na wanaume wengine, wanatoa matofali mkono kwa mkono. Baba ni fundi baiskeli, mikono yake ni migumu, lakini ilikuwa inatoka damu, na kila aliyemwambia apumzike alimwambia atoe tofali lake. Walikuwa wanachimba kichochoroni. Sikuelewa kwa nini wachimbe kichochoroni wakati chumba cha Usijali kiko mbele. Mtu mmoja akasema muuza mbao alimwona asubuhi akinunua miti mitatu minene. Alipoulizwa ya nini, alisema anatengeneza kitanda.

Walimpata kabla jua halijazama. Baba aliomba shuka. Hakuna aliyekuwa na shuka, Shangazi akavua khanga aliyojifunga mabegani.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Alhamisi, 18 Aprili

Tumemzika. Alikuwa na mama yake, mzee sana, aliyeletwa na ndugu kutoka mbali. Alipoambiwa mwanawe aliitwa Usijali, alisema hakumlea hivyo, alipokuwa mtoto alikuwa akijali kila kitu, hata kuku wakichelewa kurudi alikuwa hali chakula.

Mvua imekatika.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkaguzi amekuja, siku moja baada ya ile aliyotajiwa Shangazi. Viatu vyake leo vina tope. Alizunguka nyumba, akawaamuru wote waliobaki watoe vitu, akafunga utepe. Kisha akaja studio na faili lake. Nakala tuliyoipeleka Jumatatu haionekani, akauliza kama tunayo nyingine.

Shangazi alisema atamtengenezea. Lakini Baba, ambaye tangu Jumatano hajazungumza sana, aliingiza mkono mfukoni akatoa picha iliyokunjwa mara nne, imejaa vumbi la chokaa kwenye mikunjo. Alisema alimkuta nayo Usijali kwenye mfuko wa shati. Aliikunjua juu ya meza, akailainisha kwa kiganja.

Ilikuwa ile niliyomwachia. Alikuwa amechora juu yake kwa penseli. Mistari mitatu, imenyooka, amepiga kwa rula. Mmoja upande wa ngazi, mmoja karibu na mlango, na wa tatu katikati, pale tumbo la ukuta lilipokuwa nene kuliko pengine pote. Pembeni ya kila mstari aliandika urefu.

Baba alisema miti miwili aliikuta imesimama mahali pake, imekazwa kwa kabari, kazi safi. Wa tatu alikuwa ameukumbatia.

Nilikuwa nikifikiri kwamba nilimwonyesha mahali hasa pa kusimama. Sijui Shangazi alijuaje. Alikuja nyuma yangu akaniwekea mikono miwili mabegani, akaiacha palepale.

Mkaguzi aligeuza picha, akaigeuza tena. Alikuwa ameshika kalamu lakini hakuandika. Aliuliza ni nani aliyeipiga, nikasema ni mimi. Halafu akauliza, bila ubaya, kama anayejiuliza mwenyewe, ikiwa kuna mtu yeyote mwenye dhamana katika nyumba ile aliyeiamini picha hii kabla ukuta haujaanguka.

Nilinyoosha kidole nikamwonyesha mstari wa katikati.